Neno lililobaki nyuma nilipohamisha madokezo

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki sita hivi. Sikuacha kuandika. Nilikuwa nahamisha madokezo yangu kutoka kihariri kimoja kwenda kingine, mara ya nne tangu niingie chuo kikuu mwaka 2016, na mara hii nilikuwa naogopa kweli. Mtu mzima mwenye shahada ya sayansi ya tarakilishi anaogopa kuhamisha faili ya maandishi! Nitaeleza kwa nini, ila itabidi nianze mbali kidogo.

Kwanza kwa wale ambao hawajawahi kuvitumia. Kuna aina ya vihariri vya maandishi ambavyo mimi huviita vihariri vya matawi. Unaandika kichwa, chini yake unaingiza vichwa vidogo, na chini ya hivyo vingine vidogo zaidi, kama mwalimu wa shule ya msingi alivyotufundisha kupanga hoja za insha. Tofauti na daftari ni kwamba tawi lolote unaweza kulifunga likabaki mstari mmoja, ukalifungua unapolihitaji, au ukalibeba zima zima na watoto wake ukalipachika pengine. Si jambo jipya. Douglas Engelbart alilionyesha mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968 mbele ya ukumbi uliojaa watu, na mojawapo ya mifano aliyotumia ilikuwa orodha ya vitu vya kununua dukani. Mwaka 1983 Dave Winer akatoa ThinkTank kwa wenye Apple II. Tangu hapo waandishi wa programu hawajaacha kutunga vihariri vya matawi, na karibu kila kihariri kimekuja na fomati yake ya faili. Hapo ndipo shida yetu inapoanzia.

Mimi nilianza na Vim. Sababu haikuwa ushujaa. Tarakilishi yangu ilikuwa ya mtumba, yenye gigabaiti mbili za kumbukumbu, na chochote kizito kuliko Vim kiliifanya ihemehe kama mgonjwa wa pumu. Juu ya Vim kuna nyongeza iitwayo VimOutliner, kazi iliyoanzishwa na Steve Litt, nayo ina fomati nyepesi kuliko zote nilizowahi kuona: ngazi ya kichwa ni idadi ya tabo mwanzoni mwa mstari. Mstari wa maelezo ya kawaida unaanza kwa nukta pacha, usio nayo ni kichwa. Basi. Ukiifungua faili hiyo kwa kihariri chochote utaisoma.

Utaisoma, ndiyo, lakini tabo zitafika? Wiki moja kabla ya mtihani wa mifumo ya uendeshaji nilijitumia madokezo kwa baruapepe, nikayabandika ndani ya ujumbe wenyewe badala ya kuambatisha faili. Nilipoyafungua kwenye tarakilishi ya maabara tabo zote zilikuwa zimetoweka. Kurasa thelathini, kila mstari umeegemea ukingo wa kushoto, baba na mtoto na mjukuu wote rika moja. Maneno yalikuwa yamefika yote, hata moja halikupotea. Kilichopotea ni nani yuko chini ya nani. (Tangu siku hiyo naamini kwamba aliyeipa tabo jina lake alikuwa Mswahili aliyekosea herufi moja.)

Nilicheka wakati ule. Yalikuwa madokezo ya mtihani tu, na mtihani nilipita.

Mwaka 2019, nikiwa mwaka wa mwisho, nilihamia kihariri kiitwacho Leo. Ni jina tu, hakina undugu na jana wala kesho. Kimeandikwa kwa Python na Edward Ream, na kina kitu kimoja ambacho mpaka sasa sijakiona kikifanywa vizuri hivyo kwingine: tawi moja linaweza kukaa mahali pawili au patatu kwa wakati mmoja. Si nakala, ni tawi lilelile. Ukilibadilisha hapa limebadilika na kule. Wao huita kloni, mimi huita pacha. Ndani ya faili ya Leo kila tawi lina namba yake ya utambulisho, vichwa vimeandikwa upande mmoja na maelezo upande mwingine, na namba ndiyo inayoviunganisha. Kwa hiyo tawi likionekana mara tatu, maelezo yake yako mara moja tu.

Mwaka huohuo ndio Mama aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari, juu ya presha aliyokuwa nayo tangu zamani. Mama yuko Malindi, anakaa na dada yangu, ambaye ndiye kifungua mimba na ni fundi wa cherehani. Mimi niko Nairobi. Kwa kuwa mimi ndiye "wa kompyuta", nilijitwika kazi ya kuandika kila kitu: dawa, vipimo, tarehe za kliniki, daktari alisema nini, chakula kipi kimekatazwa. Kwa kweli ilikuwa njia yangu ya kuwa karibu nikiwa mbali. Dada anaosha, anapika, anaamka usiku. Mimi napanga matawi.

Na yalipangika vizuri! Chukua losartani. Mama anaitumia kwa ajili ya presha, lakini daktari alieleza kwamba kwa mgonjwa wa sukari inasaidia pia kulinda figo. Basi losartani ilikaa chini ya Presha, pacha wake chini ya Sukari, na pacha wa tatu chini ya Dawa za Kila Siku. Tawi moja, nyumba tatu. Nilijivunia hilo kuliko mradi wangu wa kumalizia chuo.

Mwaka 2021 nikapata kazi, na jirani yangu ofisini alikuwa mtu wa Emacs. Mnawajua watu wa Emacs. Baada ya miezi miwili nikawa mmoja wao, kwa sababu ya Org. Org ilianzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, ambaye ni mwanafalaki wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, na inaonekana alikuwa mtu mwenye mambo mengi ya kukumbuka. Kichwa ni nyota: nyota moja ngazi ya kwanza, nyota mbili ya pili, na kuendelea. Unaweza kukipa kichwa tarehe, na Org inakukusanyia tarehe zote kutoka kila tawi na kukuonyesha ratiba ya wiki. Miadi ya kliniki ya Mama ikaanza kujitokeza yenyewe kila Jumatatu asubuhi. Ningewezaje kukataa?

Niliandika skripti ya kutoa madokezo Leo na kuyaingiza Org. Ilitembea mti mzima kutoka juu mpaka chini, na kila ilipokutana na pacha iliandika tawi kamili, kwa sababu Org haina pacha. Ningehesabu ningejua. Upande wa Leo kulikuwa na matawi 164. Upande wa Org yalitokea 191. Matawi 27 ya ziada, yote nakala, kila moja sasa na maisha yake. Sikuhesabu. Nilitazama ukurasa wa kwanza, nikaona nyota zimepangika, nikafunga tarakilishi nikaenda kula.

Mwaka 2022 daktari aliongeza losartani ya Mama kutoka miligramu 50 hadi 100. Nikafungua Presha, nikaandika 100. Chini ya Sukari ikabaki 50. Hata sasa nikiandika hivi mikono inanitoka jasho.

Org ina kitu kingine kinachohusu kisa hiki. Chini ya kichwa chochote unaweza kuweka droo, yaani mistari ya sifa za kichwa hicho, hivi:

* Mama
:PROPERTIES:
:KULETWA: 2021-09-04
:MZIO: penisilini
:END:

Emacs huifunga droo hiyo ili isikusumbue, ukaona mstari mmoja tu wenye neno PROPERTIES na nukta tatu. Ni unadhifu mzuri. Nilipoandika mzio wa Mama pale nilidhani nimefanya jambo la kitaalamu: mzio si tukio wala si dawa, ni sifa ya mtu, kwa hiyo mahali pake ni kwenye sifa. Chuoni wangenipa alama zote. Matokeo yake ni kwamba mimi mwenyewe sikuliona neno hilo kwa miaka miwili, maana droo ilikuwa imefungwa muda wote.

Sasa tufike kwenye simu. Mwaka 2023 Dada alisema amechoka kunipigia kila anapotaka kujua dawa fulani ilianza lini. Ana haki. Nikamtafutia programu ya simu ya kuandika kwa matawi, nzuri tu, inayokubali fomati iitwayo OPML. Wengine mnaijua OPML kwa sababu programu za podikasti huitumia kuhamisha orodha za vipindi, lakini ilizaliwa mwaka 2000 kwa ajili ya matawi, na aliyeizaa ni yuleyule Dave Winer wa ThinkTank. Ni XML. Kila kichwa ni kipengele, na maneno ya kichwa yamo ndani ya sifa iitwayo text. Maelezo marefu chini ya kichwa hayana mahali rasmi, kwa hiyo programu kadhaa zimezoea kuyaweka kwenye sifa nyingine iitwayo _note. Kumbuka hapo: maelezo yote, hata yawe mistari kumi, yanakaa ndani ya sifa.

Ipo programu ya bure iitwayo pandoc, ambayo mwanafalsafa John MacFarlane wa Berkeley ameitunza tangu mwaka 2006, nayo inasoma Org na kuandika OPML. Sikuitumia. Mimi ni mhandisi, bwana, siwezi kuandika mistari arobaini ya Python? Nikaiandika saa ya chakula cha mchana, kwenye tarakilishi ya ofisi yenye Windows. Nimeifungua tena juzi. Mstari wa kumi na tatu unasema hivi:

if mstari.strip() == ":PROPERTIES:":
    ndani_ya_droo = True  # takataka, ruka

Takataka. Niliandika neno hilo mwenyewe. Nilikuwa nawaza ile mistari ya KULETWA na namba za utambulisho, ambazo kweli kwa Dada zingekuwa takataka.

Machi mwaka 2024 Mama alipata kidonda mguuni. Kilianzia kwa ukanda wa kandambili mpya, na mnajua mguu wa mgonjwa wa sukari haupuuzwi. Dada akampeleka hospitali. Nimesimuliwa mara tatu yaliyotokea mle ndani, mara mbili na Dada na mara moja na Mama, na yanakubaliana.

Daktari alikitazama kidonda, akasema kimeingia wadudu, akaanza kuandika. Akauliza, "Ana mzio wa dawa yoyote?"

Dada akatoa simu. Akatafuta neno mzio kwenye orodha yangu. Hakuna. Akatafuta tena bila kuamini sana, akashuka mpaka mwisho. Hakuna.

"Hakuna, daktari."

Mama alikuwa amelala upande na mguu juu. Akainua kichwa. "Hakuna nini? Mie penisilini siigusi. Nilivimba uso mpaka macho yakafunga, siku ile nilipong'olewa jino."

"Mwaka gani huo, Mama?"

"Huyu mdogo wao alikuwa darasa la sita."

Daktari akakata mstari juu ya alichokwisha kuandika, akaandika dawa nyingine. Kidonda kilipona baada ya mwezi na ushee. Hicho ndicho kisa chote, hakuna aliyeumia.

Jioni Dada akanipigia. Nilikuwa ndani ya matatu, Barabara ya Thika, nimesimama.

"Mdogo wangu, hivi nani kakwambia Mama hana mzio?"

"Mbona nimeandika? Iko juu kabisa, mwanzo wa faili."

"Juu kabisa wapi?"

Akanitumia picha ya skrini. Mama, na chini yake moja kwa moja Dawa. Katikati hapana kitu. Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu ili nitembee.

Kilichoniuma si neno lenyewe kupotea. Maneno hupotea. Kilichoniuma ni kwamba Dada asingekuwa na orodha yangu angemgeukia Mama na kumuuliza, sekunde mbili, basi. Orodha ilimjibu badala ya Mama. Haikusema "sijui". Faili haina namna ya kusema kuna kitu kiliwahi kuwa hapa nacho kimeondolewa. Inanyamaza tu, na ukimya wa faili iliyopangwa vizuri unasomeka kama jibu kamili.

Usiku ule nilikaa mpaka saa nane. Nilitoa OPML kutoka kwenye simu ya Dada, nikairudisha kuwa Org kwa skripti ya kinyume, kisha nikazilinganisha na diff. Diff ni programu ya miaka ya 1970, haina rangi wala picha, nawe unaipa faili mbili ikuonyeshe mistari inayotofautiana. Ningeitumia siku ya kwanza yasingetokea haya yote. Droo zote zilikuwa zimepotea, hilo nililitarajia. Sikutarajia mengine.

Mistari ilikuwa imeungana. Mimi niliandika dozi ya metformini kwa mistari mitatu: asubuhi 1, kisha mstari mpya, mchana 0, kisha mstari mpya, jioni 1. Kwenye simu ilikuwa imekuwa "asubuhi 1 mchana 0 jioni 1". Isome tena. Je, ni asubuhi moja, au ni moja mchana? Kosa hili lina asili yake na linafaa kujulikana. Kanuni za XML, zilizotoka mwaka 1998, zinaagiza kwamba programu ikisoma na kukuta mstari mpya ndani ya sifa iugeuze kuwa nafasi. Ukitaka mstari mpya ubaki mstari mpya, lazima uuandike kwa alama zake, yaani &#10;. Maktaba ya XML iliyomo ndani ya Python inakufanyia hivyo bila hata kuiomba. Mimi nilikuwa nimeunganisha vipande vya maandishi kwa mkono, nikidhani XML ni mabano tu.

Halafu palipokuwa na herufi ng' niliona vituko. Emacs yangu ilikuwa ikigeuza kile kikoma kilichonyooka kuwa kilichojipinda, kwa urembo. Skripti yangu haikutaja usimbaji wa faili, na Python kwenye Windows ya ofisi ikachukua usimbaji wa zamani wa Windows badala ya UTF-8. Kwa hiyo ng’ombe akawa ngâ€™ombe. Kwa Mwingereza kosa hili linaharibu kikoma tu, na neno analitambua. Kwetu sisi kikoma kile ni sehemu ya herufi, nawe ukitafuta "ng'ombe" humpati. Nyama ya ng'ombe ilikuwa kwenye orodha ya vyakula vya kupunguza. Sasa fikiria Dada akiitafuta.

Na losartani nikaiona hapo: 100 chini ya Presha, 50 chini ya Sukari. Nilimpigia Dada saa moja asubuhi, kabla hata ya kunawa uso.

"Dada, losartani unampa ngapi?"

"Mia."

"Una hakika? Kwa sababu kwenye simu, ukifungua Sukari..."

"Najua imeandikwa hamsini. Nilishaona zamani."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akanyamaza kidogo. "Ulikuwa umeifurahia sana hiyo orodha."

Ikawa kwamba tangu wiki ya kwanza Dada alikuwa na daftari la Kasuku, lile la kurasa 96, analoweka kwenye mtoto wa meza ya cherehani. Kila dawa inapotoka duka la dawa ananakili kilichoandikwa kwenye pakiti. Dozi ikibadilika anakata mstari juu ya ya zamani na kuandika mpya pembeni, na tarehe. Simu alikuwa anaitumia kwa mambo ya historia tu, na siku ile hospitali alikuwa ameliacha daftari nyumbani kwa sababu walitoka kwa haraka. Mzio haukuwamo kwenye daftari pia, kwani haujawahi kuandikwa kwenye pakiti yoyote. Ulikuwa kichwani mwa Mama na ndani ya droo yangu.

Baada ya hapo nilirekebisha nilivyoweza. Mzio nikautoa kwenye droo nikaufanya kichwa cha kwanza kabisa, MZIO: PENISILINI, kwa herufi kubwa, kama maneno ya kawaida ambayo skripti yoyote mbovu itayabeba. Nakala za mapacha nikazifuta nikaacha moja moja, na mahali pengine nikaandika kwa maneno tu: "tazama Presha". Org ina viungo vya kubofya kwa kazi hiyo, lakini viungo navyo vinakatika safarini. Maneno "tazama Presha" hayakatiki. Si maridadi, najua.

Sasa hiki cha wiki sita. Dada ameomba naye aweze kuandika, si kusoma tu. Tena amesema hataki mambo ya kusubiri mimi nihamishe. Kwa hiyo tumekubaliana faili moja ya Markdown ambayo simu yake na tarakilishi yangu zote zinaisoma kama ilivyo, na hiyo ndiyo safari ya nne. Wanaopenda Markdown huniambia ni maandishi matupu, itashindwaje? Inashindwa hivi: vichwa vya Markdown vinaandikwa kwa alama ya reli, na mwisho ni reli sita. Ukiweka saba hupati kichwa cha ngazi ya saba, unapata aya ya kawaida inayoanza na reli saba. Madokezo yangu yana ngazi saba sehemu moja, kwenye vipimo vya figo. Nikaamua kutumia orodha za vistari badala ya vichwa, kwa kuwa orodha hazina kikomo hicho. Lakini orodha za vistari ngazi yake ni nafasi za mwanzo wa mstari, na programu moja inataka nafasi mbili, nyingine nne, nyingine inakubali tabo. Miaka tisa nimezunguka na nimerudi kwenye tabo.

Tarehe za kliniki nazo zilikuwa tatizo. SCHEDULED: <2025-06-10 Tue> ndani ya Org ni kengele, ndani ya Markdown ni maandishi yasiyomwamsha mtu. Hizo nimezitoa kabisa nikaziweka kwenye kalenda ya simu zetu wote wawili.

Kazi niliifanya kwa woga, kama nilivyosema. Kabla ya kuhamisha nilihesabu matawi, baada ya kuhamisha nikahesabu tena. Nilipeleka na kurudisha, kisha diff, na sikuendelea mpaka diff iliponyamaza. Skripti ikikutana na mstari isiouelewa sasa hairuki. Inasimama, inataja namba ya mstari, na inakataa kuendelea. Mara ya kwanza ilisimama mara 31. Mojawapo ilikuwa ni droo niliyokuwa nimeisahau, chini ya Macho, yenye jina la matone ambayo Mama aliacha kuyatumia mwaka 2020 kwa sababu yalimwasha.

Hatua ya mwisho haikuwa ya tarakilishi. Nilimpigia Dada, nikamsomea faili nzima mstari kwa mstari, naye akifuata kwenye daftari lake. Ilituchukua jioni mbili. Upande wangu tulirekebisha mistari minne, upande wake mmoja. Tulipofika mwisho nikamwambia tumemaliza, akasema bado, kuna ukurasa ambao sijamsomea.

"Upi?"

"Ramadhani."

Alikuwa na ukurasa mzima. Dawa ipi ihamie daku, ipi ingoje futari, siku gani alimuuliza daktari na alijibiwa nini, na chini kabisa kwa kalamu nyekundu: sukari ikishuka anafungua, hakuna mjadala. Miaka mitano ya Ramadhani, na katika matawi yangu yote 164, au 191, hapakuwa na hata moja lenye jina hilo. Aliponisomea niliandika moja kwa moja, bila kupanga, kisha nikamsomea tena naye akaniambia sawa.

Faili sasa ina mistari 187. Dada anaisoma na kuiandika kwa simu yake, na wiki iliyopita aliongeza kipimo cha sukari cha asubuhi yeye mwenyewe, kwa nafasi mbili, sawasawa. Daftari amesema halitupi.